Kamba ya Begani: Tunachokisoma Vibaya Katika Mavazi ya Kuthubutu

Mei 2025, tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, likiwa mlangoni, waandaaji waliongeza mambo mawili katika masharti ya mavazi. La kwanza: kwa sababu za stara, ni marufuku kuwa mtupu kwenye zulia jekundu na katika eneo lolote la tamasha. La pili: magauni mapana kupita kiasi, hasa yenye mikia mirefu, hayaruhusiwi kwa kuwa yanakwamisha wageni na kuleta taabu ya kukaa ukumbini. Hili la pili watu walilipita kama hawajaliona. La kwanza ndilo lililoshikwa, na linavutwa huku na huku hadi leo. Wapo waliopiga vigelegele kwamba hatimaye uchi wa mastaa umepata wa kuukemea, na wapo waliolia kwamba sanaa imetiwa kufuli. Mimi nadhani wote wameshika karatasi moja na wote wameisoma kichwa chini. Wanagombana, lakini kipimo chao ni kimoja: kwamba ujasiri wa vazi ni kiasi cha ngozi kinachoonekana, kikizidi ni ujasiri, kikipungua ni stara. Ujasiri wa vazi haukai hapo. Unakaa pale jicho linapopelekwa, kwenye uzito wa chuma juu ya mwili, kwenye kamba, ukosi, pindo na kifungo. Hata michoro na sanamu za ashiki ambazo pande zote mbili huzitaja kama mashahidi wao, ukizitazama kwa utulivu, zinatoa ushahidi huohuo.

Tuanze na sharti lenyewe. Waandaaji walifafanua kwamba nia si kuwapangia watu nguo bali kuzuia utupu kamili, kulingana na taratibu za tamasha na sheria za Ufaransa. Utupu kamili! Sikumbuki mgeni mwalikwa aliyewahi kuzipanda zile ngazi 24 za kuingilia ukumbini bila hata uzi. Kwa hiyo sharti liliharamisha jambo ambalo karibu hakuna aliyekuwa akilifanya, na vitambaa vya wavu vikaendelea kupanda ngazi kama kawaida. Lile la mikia ndilo lililogusa watu kweli. Mwigizaji Halle Berry, mmoja wa majaji mwaka ule, aliwaambia waandishi wa habari kwamba imembidi aliache gauni alilokusudia kwa sababu mkia wake ulikuwa mkubwa mno, na usiku uleule wa ufunguzi mwanamitindo Heidi Klum akapita na gauni la mbunifu Elie Saab lenye mkia wa kuburuta. Aliyetii alibadili nguo, asiyetii alipigwa picha. Ukiyaweka masharti hayo mawili pamoja unaona kilichokuwa kikisimamiwa: mwendo wa watu, nafasi ya kamera, na heshima ya shughuli mbele ya wafadhili. Maadili ya umma hayamo sana. Lakini habari ya foleni haiuzi kama habari ya uchi.

Sasa tulitazame hilo linaloitwa gauni la uchi. Maarufu kuliko yote ni lile alilovaa Marilyn Monroe tarehe 19 Mei 1962 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, alipomwimbia Rais Kennedy wimbo wa siku ya kuzaliwa. Lilitoka mikononi mwa mbunifu Jean Louis, kwa mchoro wa kijana aliyekuwa hajapata jina bado, Bob Mackie. Lilifika miguuni. Tumbo, nyonga na mapaja vyote vilikuwa ndani ya kitambaa. Kilichofanya ukumbi ushushe pumzi ni ufundi: hariri nyepesi iliyotiwa rangi ya ngozi yake, juu yake vito vya kioo vipatavyo 2,500 vilivyoshonwa kwa mkono kimoja kimoja, na Monroe mwenyewe akashonewa ndani yake, maana lilibana hata pasipitishwe kidole. Ukilipima kwa rula, lile ni gauni refu la jioni. Ukilitazama jukwaani chini ya taa, huoni gauni, unaona mwanamke aliyenyunyiziwa nuru. Miaka 60 baadaye, mwaka 2022, Kim Kardashian aliliazima akalivaa kwenye Met Gala, hafla ya mitindo mjini New York. Halikufungika nyuma, ikabidi shali nyeupe ya manyoya ishuke hadi pale lilipoachia, na baada ya dakika chache akabadili akavaa nakala yake. Waliosema nguo ya kuazima haisitiri matako hawakuwa na habari za New York, ila sijaona mfano ulioutosha usemi huu kama huo. Gauni lilikuwa lilelile na vito vilevile. Kilichokosekana ni mwili ambao fundi aliukusudia, na bila huo vazi lililotikisa dunia likabaki kitu cha makumbusho kilichotolewa kabatini.

Kinyume chake ni nguo zilizofunika kila kitu na bado zikaonekana za hatari. Mbunifu Mariano Fortuny alianza kutengeneza gauni lake la Delphos mjini Venezia mnamo 1907, akilipa jina la sanamu ya shaba ya mwendesha gari la farasi iliyofukuliwa Delphi, Ugiriki. Ni hariri iliyokunjwa malinda membamba mno, inayoanguka kutoka begani hadi sakafuni bila mshono wa kiunoni. Haionyeshi goti wala kifua. Lakini malinda yale hujitanua kila yanapokutana na mwili na kujifunga kila yanapouacha, hivyo mvaaji akipumua, gauni nalo linapumua. Na pembeni mwa vazi zimepangwa shanga ndogo za kioo za Murano katika uzi. Mtu wa haraka ataziita mapambo. Kazi yake ya kwanza ni uzito: ndizo zinazoivuta hariri chini ishike mwili badala ya kupepea. Hapo urembo umegeuka kuwa mhandisi. Mbunifu wa Paris, Madeleine Vionnet naye, katika miaka ya 1920 na 1930, aligeuza kitambaa kikakatwa mshazari, nyuzi zikaanguka kwa pembe ya digrii 45 badala ya kusimama wima, na kitambaa kikapata kunyumbuka ambako hapo awali hakikuwa nako. Wote wawili walikuwa wanafunzi wa mafundi wa Athens waliochonga, karibu miaka 2,400 iliyopita, ile sanamu ya Nike, mungu wa kike wa ushindi, anayerekebisha kiatu chake: mwanamke aliyevaa nguo kamili ya jiwe, na jiwe hilo linaonekana kama limeloa maji. Hakuna anayeweza kusema yuko uchi, wala hakuna anayeondoka pale akidhani ameona nguo tu.

Hapa ndipo sanaa ya ashiki inapotufaa, ilmradi tuache kuitumia kama fimbo ya mabishano. Mwaka 1863 Alexandre Cabanel alionyesha mjini Paris mchoro wa Venus aliyelala juu ya mawimbi, uchi wa mnyama, bila hata pete. Mfalme Napoleon III akaununua. Mwaka huohuo Édouard Manet alimchora Olympia, mwanamke mwingine uchi kitandani, na alipomwonyesha mwaka 1865 watu walichafukwa kiasi kwamba walinzi waliwekwa karibu yake na baadaye akahamishiwa juu ukutani, mbali na mikono. Leo wote wawili wako katika jumba moja, Musée d'Orsay, unaweza kuwalinganisha asubuhi moja. Ngozi ni ileile, na kama kuna tofauti Venus ndiye anayeonyesha zaidi, kwani Olympia amejifunika kwa mkono. Basi ugomvi ulikuwa wa nini? Tazama shingoni: utepe mweusi mwembamba uliofungwa kwa kifundo. Tazama mkono: bangili. Sikioni lulu, nywelani ua, miguuni viatu vya ndani, kimoja kimeshavuka. (Nyuma yake amesimama mwanamke Mweusi aliyeitwa Laure, amevaa kamili na ana hereni, ameshika maua. Kwa zaidi ya karne moja wachambuzi walimpita kama wanavyopita pazia.) Venus wa Cabanel ni uchi usio na anwani, wa mbinguni huko. Utepe wa Olympia unasema huyu ni mtu, ana kabati, amechagua kuvua vingine na kubaki na hivi, na anakutazama usoni ukitazama. Kilichowachoma watazamaji ni kile alichovaa.

Francisco Goya alilionyesha jambo hili miongo kadhaa kabla, kwa njia ya moja kwa moja kuliko yeyote. Alichora mwanamke mmoja mara mbili, kitanda kile, mikono nyuma ya kichwa vilevile, mara moja akiwa uchi na mara moja akiwa amevaa. Picha zote ziko Prado, Madrid. Baraza la Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa Katoliki ya kusaka uzushi, lilipomwita ajieleze mwaka 1815, picha hizo ndizo zilizomtia matatani. Sijui msomaji atasemaje, mimi naona yule aliyevaa ndiye mkali. Mshipi wa rangi ya waridi umemkaza juu ya kiuno, nguo nyeupe imemshika chini yake, shavu limetiwa rangi, rangi yenyewe imepakwa haraka kwa brashi nzito. Yule wa uchi ametulia, amechongwa kama kaure. Aliyevaa ana mpango.

Nikija kwenye vito, kuna jambo ambalo mjadala wa Cannes haukuligusa kabisa, nalo naliona zito kuliko yote. Zulia jekundu la sasa ni kioo cha duka la sonara. Tuzo yenyewe ya Palme d'Or hutengenezwa na Chopard tangu 1998, gramu 118 za dhahabu ya karati 18, na mikufu inayopanda zile ngazi kwa kawaida ni ya kuazima, inakuja na walinzi na kurudi kwenye sanduku usiku uleule. Sasa mkufu wa almasi unahitaji nini ili uonekane? Unahitaji ngozi. Ukiuweka juu ya kitambaa chenye nakshi unapotea. Ukiuweka juu ya mfupa wa bega ulio wazi unawaka. Kola iliyofunga hadi kooni huua mkufu, mikono mirefu huua bangili, nywele zilizoachiwa huua vipuli. Kwa hiyo zile shingo wazi, vifua wazi na migongo wazi tunavyovijadili kama ukombozi au upotovu vina sababu ya tatu, ya kibiashara, na sababu hiyo haiwezi kupigwa marufuku na tamasha ambalo tuzo yake inatoka kwa sonara. Ndiyo maana sharti lilisema utupu kamili na likaishia hapo. Lingekwenda mbali zaidi lingejikata mkono.

Wakati mwingine kito chenyewe ndicho nguo. Mwaka 1969 mbunifu Yves Saint Laurent alimwomba mchongaji Claude Lalanne ashirikiane naye, na Lalanne akachukua umbo la kifua cha mwanamitindo Veruschka, akalitoa kwa shaba iliyotiwa rangi ya dhahabu, nalo likavaliwa juu ya gauni la shifoni jepesi linaloshuka hadi chini. Matiti yale yanaonekana wazi kabisa, na yamefunikwa kwa chuma. Rula yetu iseme nini hapo? Na mwaka 2021, hapohapo Cannes, mwanamitindo Bella Hadid alivaa gauni jeusi la nyumba ya mitindo ya Schiaparelli lililobuniwa na Daniel Roseberry, mikono mirefu, urefu hadi chini, na shingo iliyokatwa ikashuka chini ya kifua. Kilichokaa mahali pa kitambaa ni kidani kikubwa cha rangi ya dhahabu chenye umbo la mapafu ya binadamu, matawi yake yakienea kila upande. Wengi walikumbuka kwamba kifua kilikuwa wazi. Hakikuwa wazi: kilifunikwa kwa picha ya kilichomo ndani yake. Huo ndio uhodari ninaouzungumzia, na kwa kadiri ninavyolisoma sharti la 2025, vazi lile lingepita leo bila kusimamishwa.

Tuwapime basi wanaobishana, kwa haki. Wanaotetea sharti wana hoja moja ya nguvu: soko la kutazamwa limekuwa kali, na mwigizaji aliyetumia miaka mitatu kwenye filamu anajua kwamba picha moja ya usiku mmoja inaweza kuizika kazi hiyo yote. Presha ya kuvua ni presha, hata ikija na maua. Ukimwambia mtu yuko huru kuchagua huku mkataba wa nyumba ya mitindo ukimsubiri aonekane, hujamwambia ukweli wote. Hoja hii naiheshimu. Lakini huwa inasindikizwa na nyingine dhaifu, kwamba zamani watu walijua kujisitiri. Zamani ipi? Wanawake wa mitindo wa Paris mwishoni mwa miaka ya 1790 walivaa bafta nyeupe nyepesi kiasi cha wachoraji wa vikaragosi kuwacheka. Na katika kasri la Malkia Victoria, ambaye jina lake limekuwa neno la kumaanisha stara, mwanamke aliyekwenda kutambulishwa rasmi alipaswa kuvaa gauni lililo wazi mabegani na kifuani. Ikiwa afya haikumruhusu, kibali ndicho kilichoombwa ili afunike. Vifundo vya miguu vilifichwa kwa yadi za kitambaa, mabega yakaagizwa yaonekane. Stara imekuwa ikihama mahali mwilini tangu nguo zianze, na kila kizazi huapa kwamba pale ilipo leo ndipo ilipozaliwa.

Upande wa pili nao una hoja nzito: masharti ya mavazi hayawaangukii watu sawasawa. Mwaka 2015 zilizuka habari za wanawake kuzuiwa kwenye zulia hilohilo la Cannes kwa kuvaa viatu visivyo na kisigino, na mwaka 2018 mwigizaji Kristen Stewart alivua viatu vyake vyenye kisigino akapanda ngazi pekupeku. Masharti ya 2025 yalikubali viatu nadhifu vyenye kisigino au visivyonacho, yaani ilichukua miaka kuandika jambo ambalo mguu wowote ungekueleza. Mwanamume mwenye suti na tai ndogo amepita miaka yote hiyo bila kuulizwa. Anayesema utupu ni neno tu, lakini rula huwa inashikiwa mwanamke, hasemi uongo. Ila wenzangu wa upande huu wanaharibu shauri lao wanapokimbilia makumbusho: kama Venus wa Milo anasimama Louvre kifua wazi, kwa nini nyota asipite vivyohivyo? Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na nashangaa jinsi inavyorudiwa. Jiwe halipigwi na upepo, halisomi maoni ya watu usiku, halina mtu anayelilipa. Tena wengi wa walioagiza picha hizo za uchi walikuwa wanaume waliotaka kutazama bila kutazamwa. Aliyezitundika zile mbili za Goya nyumbani kwake alikuwa Manuel Godoy, waziri mkuu mwenye nguvu zote, na hakuzitundika kwa ajili ya uhuru wa yule mwanamke. Kuomba ruhusa ya kuvua kwa kutumia sanamu ni kujiweka tena mahali pa sanamu. Zaidi ya hayo, ushahidi unawageuka: uchi mtupu ndio ulionunuliwa na mfalme, uchi wenye utepe ndio uliohitaji walinzi.

Anayetafuta mtindo katika sanaa hii, basi, achukue mpangilio. Niliwahi kujaribu kwa kiasi kidogo. Nilikuwa na gauni jeusi lililofunga shingo mbele na kuachia mgongo, na mkufu mrefu wa kawaida. Nikaugeuza, ukaanguka nyuma kama walivyovaa wanawake wa miaka ya 1920. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni baridi ya chuma kwenye uti wa mgongo, ambayo haiishi haraka. Cha pili ni kwamba mkufu unakufundisha kutembea: ukiinama unahama, ukiegemea kiti unalia, kwa hiyo unakaa wima usiku kucha bila kuambiwa na mtu. Waliokaa mbele yangu hawakuona chochote. Waliokuja kunisalimia ni walionifuata kwa nyuma. Sikuwa nimeonyesha zaidi ya gauni lilivyonionyesha miaka yote niliyokuwa nalo. Mgongo ule walishauona mara nyingi, ila haukuwa na mstari wa kusomeka.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya picha, usihesabu kilichovuliwa. Uliza jicho lako limeingilia wapi na limetokea wapi. Kwa Olympia linaingilia kwenye utepe. Kwa yule wa Goya linaingilia kwenye mshipi. Gustav Klimt, aliyemchora Adele Bloch-Bauer mwaka 1907, aliijaza turubai dhahabu hadi gauni, kiti na ukuta vikawa kitu kimoja, akaacha uso, mabega na mikono tu vitoke, na kati ya uso na mabega akaweka mkufu mpana uliokaba shingo. Ngozi ni sehemu ndogo ya picha, na ndiyo yote unayoiona. Mwenye vito vingi na nguo nyingi ana la kujifunza hapo kuliko kwenye picha mia za zulia jekundu, ambako kila kitu kimeachwa wazi na kila kitu kinang'aa, kisha jicho linachoka halijui litulie wapi. Nadhani ndiyo sababu magauni mengi ya uchi ya miaka hii yanasahaulika kufikia Jumatatu, si kwamba yamezidi kiwango cha adabu. Yamekosa utepe.

Na yupo aliyelijua hili kwa gharama yake. Mwaka 1884 John Singer Sargent alionyesha Paris picha ya Virginie Gautreau, mwanamke aliyesifika kwa urembo mjini humo, akiwa amesimama na gauni jeusi lililofika chini. Hakumvika mkufu wala bangili. Ana taji dogo la mwezi mwandamo kwenye nywele, pete, na kamba mbili za vito zinazoshikilia gauni mabegani. Kamba ya kulia aliichora imeteleza, imelala juu ya mkono. Paris ikachafuka, mama yake Gautreau akaomba picha iondolewe, na Sargent muda si mrefu akahamia London. Maonyesho yalipokwisha aliichukua brashi akairudisha kamba begani, mahali pake, na ndivyo ilivyo hadi leo katika jumba la Metropolitan, New York, lililoinunua mwaka 1916. Hakuongeza kitambaa hata inchi moja. Na bado watu husimama mbele ya bega lile, kamba ikiwa imekaa sawasawa, wakiitazama kana kwamba itaanguka.